Chambo Kisicholiwa

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa maana ya kurambaza. Amekwisha kuwaona wavuvi wakikokota mishipi nyuma ya ngalawa inayokwenda kwa tanga, ndoana imevishwa unyoya wa kuku au kipande cha kitambaa cheupe, na nguru akaja mbio akidhani ni samaki mdogo anayemkimbia. Mimi nilizaliwa mbali na bahari, Izigo, katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, na neno hilo sikulisikia utotoni. Huko kwetu ziwani watu walitega nyavu za makila, au walifunga ndoano nyingi kwenye kamba moja ndefu na kila ndoano wakaitia furu au kambale mdogo aliye hai. Usiku walivua dagaa kwa taa za karabai, na juu ya maji ungedhani mji mwingine umejengwa. Lakini kumvua samaki kwa kitu kisicholiwa, hilo nilikuja kulijua hapa Unguja, nilipohamia mwaka 1991 nikiwa na elimu ya darasa la saba na sanduku moja la nguo.

Mwaka jana nilikwenda Izigo kumzuru dada yangu. Mwanawe wa kiume, ambaye ni mvuvi, alinionyesha kitu nilichokichukua mkononi nikakigeuzageuza muda mrefu. Kilikuwa kisamaki cha kuchonga, urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo. Mwili aliukata kwenye soli ya ndala iliyochakaa, akauzungushia karatasi ya fedha iliyotoka ndani ya pakiti ya sigara, akaupaka gundi ili maji yasipenye. Tumboni na mkiani zilining'inia ndoano za meno matatu matatu. Mbele, chini ya pua, alichomeka kipande cha plastiki ngumu alichokikata kwenye dumu la mafuta. Kipande hicho alikiita ulimi.

Alisema alijifunza kwa kuangalia chambo cha kiwandani kilichonasa katika wavu wake, pengine kilimkatikia mgeni mmojawapo wa wale wanaokwenda kuvua sangara kwa fimbo kule Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Akanieleza siri yake kama fundi anavyomweleza mgeni. Bila ulimi, kitu hiki ni takataka inayoelea. Maji yanapoupiga ulimi, chambo huzama na kuanza kutikisika kushoto na kulia. Ulimi mrefu uliolala hukipeleka chini sana, na mfupi uliosimama hukiacha karibu na uso wa maji. Mshipi mwembamba hukiruhusu kushuka zaidi kuliko mnene, na kadiri unavyouachia mshipi nyuma ya mtumbwi ndivyo kinavyozama, hadi kifike kikomo chake. Kikivuta upande mmoja, hukipinda kidogo kijipete cha waya kilichofungiwa mshipi, kuelekea upande wa pili, mpaka kiende sawa. Yeye na mwenzake hupiga kasia kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, mianzi miwili imechomekwa kulia na kushoto ili mishipi isisokotane.

“Siri si kung'aa, Mjomba,” aliniambia. “Siri ni kuyumba. Sangara anapenda samaki aliyeumia.”

Neno hilo lilinikaa kifuani. Nilipojisomea baadaye nikakuta kwamba jambo hilo hilo ndilo aliloligundua Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, ambaye mwaka 1936 alichonga chambo chake kwa gome la mti jepesi, akakivika karatasi ya chokoleti, na kukipaka utando alioupata kwa kuyeyusha filamu za picha. Aliona kwamba samaki mla wenzake, anapolifikia kundi, humwacha mzima na kumwandama yule anayekwenda kombo. Akatengeneza kitu kinachokwenda kombo. Mtu huyo na mpwa wangu hawakukutana, wala hawakuwa na lugha moja, na wote wawili waliokota karatasi ya kung'aa iliyotupwa wakatengeneza uongo ule ule.

Nimesema uongo, na hapo ndipo mjadala wetu ulipoanzia. Nilimuuliza mpwa wangu kama haoni kuwa anamdanganya samaki. Chambo cha kweli, nikamwambia, angalau kina malipo ndani yake. Samaki anakufa, ndiyo, lakini amekula. Wewe unampa nini? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nawe umeupaka mkono mtupu rangi ya fedha ukalambwa.

Alicheka, kisha akanijibu jibu ambalo sikulitarajia kutoka kwa kijana ambaye hajawahi kujiita mwanafalsafa. “Chambo cha kweli kinaua samaki wawili, Mjomba. Furu namtia ndoano akiwa hai, anahangaika usiku kucha, kisha sangara anakuja. Hiki changu kinaua mmoja tu. Na aliye mdogo mno namrudisha majini. Kokoro haliongopi hata neno moja, na linasomba mpaka mayai.”

Tuupime mzani huo kwa haki. Kokoro, wavu ule wa kukokotwa hadi ufukweni, umepigwa marufuku kwa sababu haubagui mkubwa na mchanga, wala hauachi mahali pa mazalia. Sangara aliye chini ya sentimeta 50 sheria inamkataza mvuvi kumchukua. Basi chombo kisichodanganya kinaangamiza, na chombo kidanganyifu kinahifadhi. Ikiwa uovu wa jambo hupimwa kwa madhara yake tu, mpwa wangu ni mwema kuliko jirani yake mkweli, na lile swali langu la uongo ni anasa ya mtu aliyeshiba.

Nami nakubali kwamba kumhadaa samaki si dhambi ya uongo. Uongo, kwa fikra yangu, unahitaji kwanza kuwe na amana. Mtu anaponisemesha, hata kama hatujuani, kuna mkataba ambao hatukuuandika, kwamba maneno ni ya kuelezana yaliyopo. Mwongo huuvunja mkataba huo huku akiutumia. Baina yangu na sangara hakuna mkataba. Yeye hamwamini yeyote. Huwala hata watoto wa sangara wenziwe. Aliletwa katika ziwa letu kutoka Ziwa Albert katika miaka ya 1950, akapandikizwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikwisha kulijaza ziwa na kuwafuta furu wa aina nyingi ambao hatutawaona tena. Palijengwa viwanda vya minofu, na baadaye hata mabondo yake yakageuka mali ya kusafirishwa hadi Uchina. Mtu anayevua sangara kwa karatasi ya sigara ili mama yake apate dawa hana la kuungama. Huenda anayo yule avuaye kwa ajili ya mchezo tu, lakini kosa la huyo, kama lipo, ni la kuumiza bila haja. Si la kusema uongo.

Ningekuwa nimemaliza hapo, makala haya yangekuwa mafupi na mimi ningelala vizuri. Bali kuna kitabu cha Plato kiitwacho Sofisti, ambacho nilikisoma kwa taabu, kamusi mkononi. Humo mgeni mmoja anataka kumweleza mtu wa namna fulani, yule mwalimu wa maneno anayelipwa, na kabla ya kumweleza anasema tujizoeze kwa mfano mdogo unaojulikana na kila mtu. Mfano anaouchagua ni mvuvi wa ndoana. Anamgawa na kumgawa tena mpaka ampate, kisha anamgeukia yule mwalimu wa maneno na kuona kuwa wawili hao ni ndugu. Wote ni wawindaji. Njia zao zinaachana penye maji: mmoja anashuka ziwani na baharini, wa pili anabaki nchi kavu, ambako mawindo yake ni vijana.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Nalijua kwamba mimi pia nimewahi kuvua nchi kavu.

Mwaka 2013 wakala mmoja wa ajira alinijia hapa mjini na karatasi ya Kiingereza, akaomba niifasiri kwa Kiswahili kizuri. Ilihusu wasichana wa kazi za nyumbani katika nchi moja ya Ghuba. Asili yake ilikuwa kavu kama orodha ya bohari: mshahara kiasi fulani, mkataba miaka miwili, mwajiri atatoa malazi na chakula. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba. Nilijivunia Kiswahili changu, na wakala alikuwa amesema “kizuri”. Basi pale palipoandikwa kuwa mwajiri atatoa malazi na chakula, niliandika kwamba utaishi kama binti wa nyumba hiyo. Sikubadilisha tarakimu hata moja. Niliongeza ulimi tu. Nililipwa shilingi 40,000, nikalipa sehemu ya deni, nikasahau.

Karatasi ile ilichapwa ikasafiri. Ilifika Bukoba, na kutoka Bukoba ilifika Izigo, mikononi mwa binti wa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kibanja cha marehemu baba yangu. Aliondoka akiwa na miaka ishirini na moja. Alirudi baada ya miezi kumi na sita, bila mshahara wa miezi saba. Pasipoti yake ilichukuliwa siku ya kwanza. Alilala katika stoo, akaamka kabla ya alfajiri, na hakulala kabla ya saa sita ya usiku. Sitayasema mengine, kwa kuwa si yangu kuyasema.

Nisieleweke vibaya. Sisi wa visiwani tuna damu upande ule wa bahari. Wako shangazi na binamu zetu, na wako mabinti waliokwenda wakakuta watu waungwana wakarudi na nyumba zao. Lakini binti yule hakuwa peke yake. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania waliokuwa Oman na Falme za Kiarabu, na mambo yaliyoelezwa humo, ya pasipoti kushikwa, saa za kazi zisizo mwisho na mishahara isiyolipwa, yalikuwa yale yale ambayo dada yangu alikwisha kunisimulia kwa simu, bila kujua anamsimulia nani.

Nilijitetea kwa miaka kadhaa. Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Nani alimlazimisha? Si aliona mshahara akautamani? Methali hii tunaipenda sana, nami nashuku tunaipenda kwa sababu inamhukumu samaki na kumwachia mvuvi. Kuna tofauti baina ya tamaa na haja, na chambo cha mpwa wangu ndicho kilichonifundisha. Sangara hurukia kwa sababu ana nguvu, naye anamwona dhaifu. Binti yule hakumrukia aliye dhaifu. Yeye ndiye aliyekuwa akiyumba. Migomba ya kwao ilikuwa imepatwa na mnyauko, baba yake anaumwa, wadogo zake wanataka ada. Aliyemnasa hakuitumia pupa yake. Aliutumia wema wake, yaani ile nia ya kuwafaa watu wake. Huo ni uvuvi mbaya kuliko wa ziwani, kwa sababu humwadhibu mtu kwa kuwa na moyo.

Utetezi wa pili ulikuwa wa kifundi: mimi ni mchongaji, mrushaji ni mwingine. Mfasiri ni daraja, na daraja haliulizi nani anapita. Huu ni utetezi mzito zaidi, na wako wafasiri wema wanaouamini. Lakini kwangu hausimami, kwa sababu daraja haliongezi kitu, nami niliongeza. Ulimi ule haukuwamo katika asili. Na hata ningefasiri neno kwa neno, ningali ninajua karatasi ya ajira si utenzi. Imeandikwa ili mtu afunge mizigo.

Utetezi wa tatu ndio ulionitisha, kwani ungeniondoshea aibu kwa kuniondoshea kazi yangu yote. Nilijiambia: kwani shairi ni nini? Nalo si kitu cha kuchonga kinachoiga kilicho hai? Mshairi anaposema moyo wake ni jahazi lililopasuka, hakuna jahazi, na pengine moyo wake ni mzima. Ikiwa kila sanaa ni chambo, basi mimi nilikuwa kazini siku ile kama siku nyingine.

Hapa Plato, ambaye hakuwa rafiki mkubwa wa washairi, alinisaidia bila kukusudia. Katika kitabu kile kile anatenga aina mbili za kuiga. Moja hutengeneza mfano ulio na uwiano wa kweli wa kitu chenyewe. Ya pili hutengeneza kinachoonekana sawa kwa atazamaye kutoka mahali fulani tu; akikizunguka akikaribie, uwiano hamna. Msomaji wa shairi anaruhusiwa kulizunguka. Anajua ni shairi, halikuficha jina lake. Analirudia mara kumi, na kila mara anakuta chakula, kwa sababu huzuni iliyo ndani yake ni huzuni kweli hata kama jahazi halikuwapo. Chambo kisicholiwa hakistahimili kurudiwa. Kinamtaka mtu akione mara moja, kwa mbali, kikiwa katika mwendo. Na mwenye kukirusha huomba mawindo yasiwe na wafasiri wengine.

Nikamkumbuka mzee wa ziwa letu, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Aliandika kitabu chake kirefu juu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Miaka ikapita hakuna mchapaji. Akakaa akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Lugha aliyofasiria haikuwa ya mama yake, lakini ukikisoma unapewa nyumba, chakula, uganga, mitego na maradhi ya watu wa kisiwa kile kama walivyokuwa. Hakumwahidi msomaji kitu asichokuwa nacho. Huo nao ni ufasiri, na unaweza kuuzunguka pande zote.

Siku ya mwisho Izigo nilikwenda kwa yule binti. Sasa ni mama wa watoto wawili, anauza dagaa. Alinikaribisha kwa heshima, akaniita Baba, akaleta kahawa za kutafuna katika kisahani kama ilivyo desturi yetu. Tuliongea habari za mvua. Kisha nikamwambia karatasi ile niliifasiri mimi.

Hakusema kitu kwa muda. Alichukua kahawa moja akaitafuna. Halafu akaisoma ile sentensi yangu, kwa moyo, bila kukosea hata neno. Akasema baba yake alikuwa amekataa kata kata asiende, mpaka aliposomewa maneno yale. Akaniuliza jambo moja tu.

“Baba, ulipokuwa unaandika, uliyaamini?”

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia sikuyaamini wala sikuyakanusha. Sikuuliza.

“Ungeuliza,” alisema. Akainuka kumhudumia mteja.

Tangu siku hiyo nimeacha kutafuta utetezi wa nne. Nadhani jibu la swali zima limo katika neno lake. Hatia ya mwenye kuchonga haimo katika kuiga, wala katika uzuri, wala hata katika kulipwa. Mafundi wote hulipwa. Imo katika kutouliza chombo chake kinakwenda katika maji gani, na mle majini mna nani. Mpwa wangu analijua ziwa lake. Anajua ni sangara atakayekuja, na aliye mdogo atamrudisha. Mimi sikujua lolote, na kutojua kwangu kulikuwa kwa kuchagua, kwa sababu kujua kungenigharimu shilingi 40,000. Wapo watakaosema mtu hawezi kuulizia kila karatasi. Ni kweli. Lakini anaweza kuulizia ile itakayomtoa mtu kwao.

Mpwa wangu alinizawadia chambo kile. Kipo mezani ninapoandikia, na ndoano zake zote ninaziacha mahali pake ili nisisahau. Nimewatungia wasomaji wa jarida hili ubeti mmoja, kwa desturi yetu ya kuulizana na kujibizana. Mwenye jibu asinionee haya.

Nalichonga changu chambo, hakiliwi na samaki,
Nikakipamba mapambo, rangi yake haitoki,
Kikenda pande na kombo, mfano wa mwenye dhiki,
Nambieni hili jambo, nani aliye na haki?